Mtoto Aandikaye "Nait" Si Mjinga



Baba mmoja wa upande wa Mufindi ametuletea barua fupi, nayo ni barua ya uchungu. Asema kwamba kijana wake alimaliza shule ya msingi vizuri, akachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na siku ile nyumbani walichinja kuku. Sasa muhula haujaisha, na daftari lake la Kiingereza limejaa wino mwekundu. Mahali pa "night" ameandika "nait". Mahali pa "knife" ameandika "naif". "Friend" ameandika "frend". Ndugu zake wakubwa wanamcheka. Baba auliza mambo mawili. Kwanza: je, kijana huyu hana akili, afadhali arudi kulima viazi? Pili: sisi wazazi tusiojua Kiingereza twaweza kumsaidia nini?

Swali la kwanza twalijibu kwa neno moja: hapana. Mtoto huyo ana akili, na masikio yake ni mazima kabisa. Swali la pili twalijibu hivi: mwaweza kumsaidia, tena sana, hata kama hamjui kusema "good morning". Lakini jibu hilo lataka maelezo, basi tukae kitako.

Jambo hili si la baba huyu peke yake. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na shule za sekondari hufundisha karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mtoto wa Ilula, wa Tukuyu au wa Mbozi auvuka mto huo kwa muda mfupi sana. Asiyejua kuendeleza maneno, yaani kuyaandika kwa herufi zake sawasawa, hushindwa hata kujibu swali la jiografia au la biolojia, ingawa jibu analo kichwani. Hapo ndipo aibu huanza. Na aibu ikikua, mtoto hutafuta sababu ya kubaki nyumbani: leo kichwa chauma, kesho mvua yanyesha, mwisho harudi tena.

KALAMU YA NYUMBANI

Kwanza tujue kwa nini mtoto huandika "nait". Kiswahili chetu kimenyoka. Herufi "a" husomwa "a" katika kila neno, asubuhi na jioni. Mtoto akishajua kusoma "baba" na "kuku" aweza kusoma hata neno refu ambalo hajapata kuliona maishani mwake. Ni baraka kubwa, nasi twaizoea mpaka twaisahau.

Lakini hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Walipokuja wageni kutoka Ulaya, kila mmoja alikiandika kwa kalamu ya kwao. Kamusi ya Krapf iliyopigwa chapa mwaka 1882 yaiita lugha yetu "Suahili". Ramani za Wajerumani ziliandika "Muansa" mahali pa Mwanza na "Udjidji" mahali pa Ujiji, na hata leo wao huuandika mlima wetu mkubwa "Kilimandscharo". Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa, wakakubali Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuyasawazisha maandishi. Basi kalamu yetu ilinyooshwa na watu, tena si zamani sana.

Hapa kwetu Iringa tunao mfano ambao kila mtu aujua. Mtwa Mkwawa aliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, akafa mwaka 1898. Katika maandishi yao Wajerumani walimwita "Quawa". Fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa. Sasa fikirini: wale waliolianza jina hilo kwa "q" na "u", je, walikuwa wajinga? Hawakuwa. Walisikia sauti ngeni, wakaiandika kwa desturi ya lugha yao.

Naye kijana wa Mufindi amefanya lile lile. Amesikia sauti ngeni, akaiandika kwa kalamu ya nyumbani. Mtu asemaye "nait" husikika kama asemavyo Mwingereza. Ni karatasi tu inayodai jambo jingine. Kwa hiyo kosa lake si la akili. Ni la desturi, na desturi hufundishwa.

KIINGEREZA KILIPINDA LINI?

Watoto huuliza, "Kwa nini waandike herufi wasizozisoma?" Ni swali zuri, na mtoto aliulizaye asinyamazishwe. Jibu ni kwamba zamani walizisoma.

Miaka mia sita na zaidi iliyopita, neno "name", maana yake jina, lilitamkwa karibu kama mtoto wa darasa la kwanza wa Rungwe angelisoma leo: "naa-me", na ile "e" ya mwisho ikasikika kidogo. Neno "knife", yaani kisu, lilianza kwa "k" iliyosikika. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, bado huitamka "k" hiyo katika neno lao la goti, "Knie", na Waingereza huandika "knee" wakasema "nii". Na "night", yaani usiku, ilikuwa na sauti ya kooni kama "kh" tunayoisikia kwa watu wa pwani wasemapo "kheri". Waandishi wakaiandika sauti hiyo kwa "gh". Baadaye sauti ilikufa, herufi zikabaki.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na waandishi wao wakaleta desturi zao. Neno la malkia lilikuwa likiandikwa "cwen". Wao wakaliandika kwa "qu", nalo leo ni "queen". Mwaona? Yaliyompata Mkwawa kwa Wajerumani yalikwisha kuwapata Waingereza wenyewe kwa Wafaransa.

Kisha mwaka 1476 William Caxton alileta mtambo wa kupiga chapa Uingereza. Vitabu vikaanza kutoka kwa wingi, na taratibu maandishi yakakaa mahali pamoja. Lakini midomo ya watu haikukaa. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, sauti ndefu za Kiingereza zilihama. Neno "time", lililosemwa karibu na "tiim", likawa "taim". Maandishi yalikwisha kuganda, matamshi yakaenda zake.

Tena wakaja wataalamu waliopenda Kilatini kupita kiasi. Deni liliandikwa "dette", neno rahisi kabisa. Wao wakaona kwamba kwa Kilatini ni "debitum", wakapachika "b", na leo ni "debt", husemwa "det". Kisiwa kiliandikwa "iland". Wakadhani ni ndugu ya neno "isle" lenye asili ya Kilatini, wakatia "s", ikawa "island". Undugu huo haukuwapo, lakini "s" haijaondoka mpaka leo.

Kwa hiyo Kiingereza ni kama nyumba ya ukoo iliyojengwa na vizazi vingi. Hapa mlango umezibwa, lakini kizingiti bado kipo. Kule dirisha latazama ukuta. Mgeni atajikwaa. Lakini akionyeshwa kwamba hapa palikuwa na mlango, atakumbuka kuinua mguu.

KANUNI TANO NA WATORO WAKE

Wengi husema kwamba Kiingereza hakina kanuni. Si kweli. Kanuni zipo, na zatawala maneno mengi. Yapo pia maneno yanayotoroka. Tutazame tano zinazomfaa mtoto wa kidato cha kwanza. Mzazi na akate ukurasa huu, amwekee mtoto ndani ya daftari.

Ya kwanza ni "e" ya mwisho isiyosomwa. "E" hiyo yenyewe iko kimya, lakini huibadili sauti ya irabu iliyotangulia. "Pin" husemwa "pin", nayo ni pini. "Pine" husemwa "pain", nao ni msonobari, mti ule wa msitu wa Sao Hill. "Hop" ni kuruka kwa mguu mmoja. "Hope", husemwa "houp", ni tumaini. Watoro wake ni "have", "give", "love", "come" na "some". Lakini watatu wa kwanza wana udhuru: Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa "v", basi "e" imewekwa pale kama mlinzi tu. Na kwa nini "love" na "come" zina "o" ilhali twasikia "a"? Zamani zilikuwa na sauti ya "u", lakini katika mwandiko wa kale herufi "u", "n", "m" na "v" zilifanana mno, vijiti tupu vilivyosimama safu. Waandishi wakaweka "o" ili msomaji asichanganyikiwe. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa "son", yaani mwana.

Ya pili ni kurudufu herufi. Neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudufu konsonanti hiyo tukiongeza "ing" au "ed": "run, running", "sit, sitting", "stop, stopped". Neno lenye irabu mbili halirudufu: "read, reading". Lenye konsonanti mbili mwishoni halirudufu: "help, helping". Na neno lenye "e" iliyo kimya huiacha: "make, making". Kanuni hii ina faida kubwa. "Hopping" ni kurukaruka, "hoping" ni kutumaini. Herufi moja tu, na maana imekuwa nyingine. Mtoro ni "fix", ambayo huwa "fixing", kwa sababu "x" peke yake hubeba sauti mbili, "k" na "s".

Ya tatu ni "y" inayogeuka. "Baby" ikiwa nyingi huwa "babies". "City" huwa "cities". Lakini mbele ya "y" pakiwa na irabu, haigeuki: "boys", "keys", "monkeys". Na ikifuatwa na "ing" hubaki vile vile: "study, studies", lakini "studying". Hii ni kanuni njema, watoro wake ni wachache.

Ya nne ndiyo mashuhuri kupita zote, nayo watoto hukaririshwa bila maelezo: "i" hutangulia "e", ila baada ya "c". Basi huandikwa "believe", "chief", "field", "priest". Lakini "receive", "ceiling", "deceive". Mtoto akiishika hivyo tu, atadanganyika mara nyingi, kwa maana kuna "their", "height", "neighbour", "foreign". Mwongezeeni sharti moja: kanuni hii ni ya maneno ambayo sauti yake ni "ii" ndefu. "Their" haina sauti hiyo, wala "height", wala "neighbour", basi haziwahusu. Sharti hilo likiwekwa, watoro wanaobaki ni wachache: "seize", "weird", "protein", na "caffeine", ile nguvu iliyomo katika kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe. Hao wakaririwe kwa majina. Na ile "friend" ya kijana wetu? Sauti yake ni "e" fupi, lakini huandikwa "ie". Nayo iwekwe katika orodha ya kukariri.

Ya tano ni "c" na "g" zinazolainika. Zikifuatwa na "e", "i" au "y", "c" husomwa "s", na "g" mara nyingi husomwa "j": "cent", "city", "gentle", "page". Zikifuatwa na "a", "o" au "u" huwa ngumu: "cat", "cup", "goat". Ndiyo maana "notice" ikiongezwa "able" haiachi "e" yake: "noticeable". Ikiiacha, "c" itakuwa "k". Watoro wa "g" ni "get", "give" na "girl", nao hukutana nasi kila siku, basi hukaririka upesi.

Na "ough" je? Hapo hatutawadanganya. "Though" husemwa "dhou", "through" husemwa "thruu", "cough" husemwa "kof", "rough" husemwa "raf". Ni maandishi yale yale na sauti nne mbalimbali. Hapa hakuna kanuni ya kumsaidia mtoto. Kuna kukariri tu, neno kwa neno, kama tulivyojifunza majina ya wajomba.

Neno la pembeni kwa wenye simu. Zipo simu zitiazo mstari mwekundu chini ya "colour" na "centre". Mtoto asidhani amekosea. Mmarekani Noah Webster, katika kamusi yake ya mwaka 1828, alipunguza herufi kadhaa, na Wamarekani huandika "color" na "center". Shuleni kwetu hufuatwa maandishi ya Uingereza. Simu hiyo imewekwa Kimarekani, ndiyo sababu yake.

SHIDA YETU SISI WA NYANDA ZA JUU

Kuna kosa jingine ambalo Waingereza hawakulileta, twalitoa nyumbani. Ni "l" na "r". Katika lugha zetu nyingi za huku, sauti hizi mbili hazitenganishwi kama katika Kiswahili au Kiingereza. Hata jina la Iringa ni ushahidi: wenyeji husema latokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome, na mahali pa "l" leo twaandika "r".

Katika Kiswahili, mtu akisema "karamu" akikusudia "kalamu", twacheka tu na kuelewana. Katika Kiingereza mambo huwa mazito. "Rice" ni wali, "lice" ni chawa. Sasa mtoto aandike kwamba mchana amekula nini! "Glass" ni kioo, "grass" ni majani. "Pray" ni kusali, "play" ni kucheza, na mwalimu wa dini hapendi kuona yamebadilishana.

Dawa yake ni kuanzia katika Kiswahili. Mtoto azoezwe nyumbani kusema na kuandika "kulala" si "kurara", "barua" si "balua". Na hapo hapo azoezwe "dhambi" si "zambi", "ng'ombe" kwa alama yake si "ngombe". Mtoto anayeandika Kiswahili ovyo atakuwa mgonjwa mara mbili akifika kwa Kiingereza. Anayekiandika Kiswahili kwa uangalifu amekwisha kupata nusu ya dawa, yaani tabia ya kutazama kila herufi.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Sasa, baba wa Mufindi, twafika kwako.

La kwanza, kicheko kikome. Ndugu wamchekao waambiwe waandike wao "neighbour" bila kutazama, tuone. Mtoto anayechekwa huandika maneno machache na rahisi tu ili asikosee, na hivyo hajifunzi. Fimbo nayo haijui kuendeleza maneno. Tena mwenye daftari safi lisilo na wino mwekundu huenda ni yule asiyethubutu kuandika.

La pili, maneno matano kila siku, yasizidi. Mtoto ayatoe katika daftari lake mwenyewe, yale aliyokosolewa. Afuate hatua nne: atazame, afunike, aandike, alinganishe. Hapa ndipo mama asiyejua neno hata moja la Kiingereza anapoweza kuwa mwalimu. Ashike karatasi yenye maneno yaliyosahihishwa, atazame herufi moja moja na zile alizoandika mtoto: "n" ipo, "i" ipo, "g" ipo, "h" ipo, "t" ipo. Haitaji kujua maana wala matamshi. Kujua kusoma Kiswahili kwamtosha. Jioni, moto ukiwaka na maharage yakiwa jikoni, kazi hii haizidi dakika kumi. Daftari halihitajiki; mkaa na kipande cha ubao vyatosha.

La tatu, maneno yafundishwe kwa koo. "Night" asiachwe peke yake. Aitwe pamoja na ndugu zake "light", "right", "fight", "might", "sight". Mtoto akimjua mmoja amewajua sita. "Knife" aje na "knee", "know", "knock", "knot". Maneno ya ukoo mmoja hukaa vizuri kichwani.

La nne, na hili watoto hulipenda: neno gumu lisomwe kwa sauti mbili. Sauti moja ya Kiingereza, kwa kusema. Sauti ya pili ya Kiswahili, kwa kuandika. "Wednesday" husemwa "wenzdei", lakini kwa kuandika mtoto ajiambie moyoni "wed-nes-day". "Knife" ajiambie "k-ni-fe". "Friend" ajiambie "fri-end". Kalamu ya nyumbani, iliyomkosesha jana, leo yamsaidia. Hata maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza yafaa hapa. Sisi twaandika "baiskeli", na hiyo yakumbusha sauti. Mtoto asome "bi-cy-cle" kwa Kiswahili, na hiyo yakumbusha herufi.

La tano, kila Jumamosi iwe imla. Ndugu mkubwa ayasome maneno ya juma zima, mdogo aandike. Maneno thelathini kwa juma, siku sita tu, ni zaidi ya mia tatu kwa muhula wa majuma kumi na mawili. Haba na haba hujaza kibaba.

NENO JUU YA MAJINA

Kabla ya kufunga, twawaomba wazazi jambo moja, kwa kuwa laingia katika habari hii hii ya herufi. Kwa sababu Kiingereza huandika sauti moja kwa njia nyingi, majina yenye asili ya kigeni nayo huandikwa kwa njia nyingi. Catherine, Katherine na Katarina. Stephen, Steven na Stefano. Philip na Phillip. Geoffrey na Jeffrey. Yote ni sahihi. Nayo majina yetu ya ukoo hayakupona: yenye "ky" huandikwa na wengine kwa "ki", yenye "l" hugeuzwa kuwa "r".

Sisi tuandikao vitabu vya ubatizo twaliona jambo hili kila mara. Mtoto aandikwa Stefano katika ubatizo, Stephen katika cheti cha kuzaliwa, Steven katika karatasi za mtihani. Miaka ishirini baadaye akitafuta kitambulisho cha taifa, mkopo wa masomo au kazi, huulizwa: ninyi ni watu watatu au mmoja? Hapo aanza safari za kwenda na kurudi, na hati ya kiapo, na nauli ya kutoka kijijini mpaka mjini. Herufi moja yaweza kula fedha ya gunia la mahindi.

Basi wazazi, chagueni mwandiko mmoja kabla ya kufika mbele ya karani. Uandikeni kwenye kipande cha karatasi, mje nacho. Karani akisha kuandika, msiione haya kumwomba awasomee herufi moja moja. Na mtoto akiandikishwa mtihani wa darasa la saba, atazamwe jina lake limeandikwaje, kwa maana ndilo litakalomfuata mpaka kwenye cheti.

ZOEZI LA JUMA HILI

Mtoto aongeze "ing" katika maneno haya kumi, ambayo yote ni kazi za nyumbani na shuleni: "make", "run", "write", "stop", "read", "study", "carry", "dig", "plant", "cook".

Majibu ni haya, lakini mzazi ayafunike kwanza kwa kiganja: "making", "running", "writing", "stopping", "reading", "studying", "carrying", "digging", "planting", "cooking". Akipata saba, ni vizuri. Akipata yote kumi, mwambieni hivyo kwa sauti, na ndugu zake wasikie.

Nawe baba wa Mufindi, mrudishe kijana shuleni Jumatatu. Viazi vitalimwa wakati wa likizo. Aliandika kile alichosikia. Sasa na afundishwe kukiandika kama wenye lugha walivyozoea. Mpaka juma lijalo, wasomaji wapenzi, kwa herini.